Foleni ya Wanaochelewa

Kulwa,

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu namba yako ya simu sasa ina mwenyewe. Ni mama mmoja wa Lamadi, anauza samaki wa kukaanga pale yanapopumzika malori. Nitakueleza nilivyomjua. Kwanza nikupe habari mbaya, maana hukupenda mtu azungukezunguke: ile kazi yako imekutwa na tundu, na mimi pacha wako nimeshindwa kuliziba.

Haya, nimesema. Sasa naweza kupumua kidogo.

Tangu tukuzike nyuma ya nyumba hapa Sapiwi, pembeni ya baba, mayu, mama yetu, yupo. Nikisema yupo ujue ndiyo hivyo tu, yupo. Anaamka, anafagia uwanja, anakwenda shambani. Pamba tumevuna, na chumba chako ndicho tulichokijaza pamba mpaka dirishani. Usinilaumu, hapakuwa na pengine. Jioni anasonga ugali, anakata wako, anauweka kwenye sahani na kuufunika kwa bakuli. Asubuhi anawapa kuku. Sijamwambia kitu. Wewe ungemwambia nini?

Basi ikaja barua pepe kwenye anwani yako. Bado naifungua, ndiyo, neno la siri nalijua tangu zamani, na usijifanye ulikuwa hujui kwamba najua. Ilitoka kwa mtu wa ng'ambo ambaye kazi yake ni kuchungulia kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta ambayo ikianguka vyote vinaanguka nayo. Alikuandikia kwa adabu zote, "Mheshimiwa Kulwa." Mheshimiwa! Nilicheka peke yangu, halafu nikalia, halafu nikamkasirikia yule mtu kana kwamba ndiye aliyekuharibia figo.

Alisema kwenye upande wa mtandao wa kiini, ndani ya ile foleni uliyoiandika, kuna mahali panapotumia kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Mtu aliyekaa mbali akituma pakiti zake, vile vifurushi vya taarifa, kwa mpangilio fulani, wakati mtandao unakatika na kurudi, anaweza kuingia ndani na kuishika mashine nzima mkononi. Hapo si vile visanduku vyetu vya mtandao vya kwenye zahanati peke yake. Ni mashine yoyote duniani ambayo mwenyewe aliiwasha foleni yako. Akaomba ulizibe hilo tundu kabla hajalitangaza, ndio utaratibu wao. Akamalizia kwa kukutakia kazi njema.

Nikamjibu kwamba umefariki. Kuandika neno hilo kwa Kiingereza kulinishinda mara kadhaa. Liko fupi mno.

Unakumbuka foleni ilivyoanza? Ulikuwa umelala zahanati hapa Sapiwi, miguu imevimba, tunangoja majibu ya damu yako kutoka Bariadi. Mvua ikanyesha, mtandao wetu wa minara ukakatika, na kompyuta ya katikati ikafanya kama kompyuta zote zinavyofanya: pakiti zikikosa njia, inazitupa. Majibu yako yakatupwa. Kule Bariadi wanajua wametuma, huku nesi Holo anakodolea skrini tupu. Ulikasirika, Kulwa. Mtu hawezi hata kukaa kitandani vizuri lakini anafoka, "Pakiti inatupwaje kwa sababu mwenyewe amechelewa? Kwetu aliyechelewa anawekewa!"

Na ukaandika foleni ya kuwawekea wanaochelewa. Mtandao ukikatika, pakiti inawekwa pembeni, ukirudi inapelekwa. Ukaipa jina "mwekee". Ukawatumia wazungu wenye kiini, wakakuuliza hilo neno maana yake nini, ukawaandikia aya nzima kuhusu ugali na bakuli la mayu, mpaka mmoja akajibu kwamba bibi yake naye alikuwa hivyohivyo. Wakakurudishia kazi, ukairekebisha, wakakurudishia tena, nikadhani watakuua kabla ya figo. Halafu wakaikubali. Siku ile tulikuwa mjini Bariadi kwa fundi baiskeli, ukasoma kwenye simu, ukaruka juu na ile miguu yako mibovu, ukamkumbatia fundi akiwa ameshika pampu. Jina lako likaingia kwenye orodha ya walinzi wa kiini, wale wanaotunza msimbo wake. Mtoto wa Sapiwi! Mayu akauliza, "Ndiyo utaoa sasa?"

Sasa nikueleze kosa, najua ungetaka kulijua kuliko kuniuliza hali yangu.

Kila pakiti inakaa kwenye kipande cha kumbukumbu, na kila anayeishika anatakiwa aseme kwamba ameishika. Wa mwisho akiiachia, kile kipande kinarudishwa na kupewa mwingine. Haya unayajua, wewe ndiye uliyenifundisha. Foleni yako ilisema vizuri kabisa kwamba imeshika, isipokuwa sehemu moja: pale mtandao unapokatika kwa ghafla na kifaa chenyewe kinaondoka, kama radi inapoupiga mnara wa Mwamanyili. Hapo uliiweka pakiti pembeni bila kumwambia mtu. Kiini kikaona haina mwenyewe, kikakusanya vyombo, kikampa mwingine sahani. Mtandao ukirudi, foleni yako inakwenda palepale ilipoweka, inafunua, na kilichomo si cha mtu wake tena. Mtu wa kule kwao asingefanya kosa hili. Kwao ikikatika inatupwa, hakuna anayehangaika nayo. Ni sisi tu tunaokaa na minara inayoanguka kila masika ndio tungefikiria kuiweka pakiti isiyo na pa kwenda.

Na sehemu ile hatukuisoma. Ulikuwa unanisomea kila kitu kwa sauti, mstari kwa mstari, Kisukuma na Kiswahili vimechanganyika, mimi namenya viazi nakukatiza. Ukifika mahali ukasema "hapa inaeleweka" nakwambia rudi, maana hapo ndipo palipokuwa na uozo siku zote. Ulikuwa unachukia! Lakini ile ya radi uliiandika wodini mwishoni, umewekewa dripu mkono wa kushoto, unabonyeza kwa wa kulia. Pumzi ya kusoma kwa sauti haikuwepo. Nilikaa pale nikakushikia kompyuta isianguke.

Mimi ni mtu wa kupanda minara, Kulwa. Wewe ulikuwa ndani ya mashine, mimi niko juu na spana. Barua ya yule mtu niliisoma na kuisoma na sikuona kitu. Niliona maneno. Niliogopa sana, na hakuna wa kumwambia, kwa hiyo nikawa nakwambia wewe, kwa meseji, kwenye namba yako. Nilikutumia kila kitu. Mayu amekataa kula. Mbuzi wako amezaa. Umeniachia mzigo gani huu, mwanaume wewe, na kwa nini ulikuwa na haraka ya kufa. Nilikutukana pia. Meseji zote zilikuwa haziendi, zinabaki zimening'inia, na mimi nikaona sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Halafu siku moja zikaanza kufika.

Nilichowaza nitakuachia wewe ukijue. Nilikuwa chini ya mnara, mikanda bado kiunoni, nikapiga. Ikaita. Sauti ya mwanamke ikasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Nikasema nampigia Kulwa. Akasema polepole, "Dada, ni wewe wa meseji? Pole jamani. Hii laini nimesajiliwa juzijuzi tu. Nilikuwa naona aibu kukujibu."

Nilimtukana, Kulwa. Mtu wa watu hajakosa lolote. Nilimwambia arudishe namba, mwizi, ana roho gani ya kusoma mambo ya watu. Hakukata simu. Akaniacha nimalize, nasikia mafuta yanachemka nyuma yake na wateja wanamwita, halafu akasema kama nataka kuendelea kuandika niandike tu, yeye atakuwa anafuta bila kusoma. Nikamwomba radhi, akasema yamekwisha, nikipita Lamadi nimwone.

Nikakaa chini kwenye ile zege ya mnara, nalia kama mtoto, na katikati ya kulia nikaliona tundu. Lilikuwa ni hilihili. Namba imerudishwa, imepewa mwingine, na mimi bado nimeishika, napeleka siri za nyumbani kwa mtu wa Lamadi. Nilielewa barua yote ya yule mzungu kabla sijafuta kamasi.

Nikadhani nimeshinda. Mungu wangu, ile furaha! Nikakimbia nyumbani, nikafungua msimbo wako, nikaongeza mstari mmoja pale pa radi: sema umeshika. Nikajaribu kwenye kile kisanduku cha zamani. Haikuanguka. Nikacheza mbele ya mayu. Halafu kisanduku kikaanza kwenda taratibu, taratibu zaidi, kikaganda. Pakiti zote zilikuwa zimeshikwa na hakuna wa kuziachia, kumbukumbu imejaa mpaka shingoni.

Nikaweka mahali pa kuachia. Ikaanguka. Upande mmoja wa mashine unaachia wakati upande mwingine ndio kwanza unashika. Nikaweka kufuli. Ikakwama, kila upande unamngoja mwenzake. Nikahamisha kufuli. Ikatulia, ikatulia, nikaanza kuandika barua ya kuwaambia wenyewe nimeweza, na ikaanguka tena bila sababu ninayoijua. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, ile inayoanguka ikitaka yenyewe. Na kila ikianguka inaandika kwenye skrini mahali ilipofia, na kila mara neno la kwanza juu ni lako. Mwekee. Mwekee. Mwekee. Nilifika mahali nikawa naifunika skrini kwa kanga.

Yule mtu alingoja. Alituongezea muda, akauongeza tena, halafu akasema hawezi kuongeza zaidi, kwa sababu tundu aliloliona yeye na mwingine anaweza kuliona, na huyo mwingine hataandika barua ya adabu. Msimamizi wa upande wa mtandao naye akaandika. Akasema anasikitika kwa msiba. Akasema kazi yako imebaki haina mlinzi, na kwenye orodha yao, kazi isiyo na mlinzi wanaiandika "yatima". Si tusi, ndilo neno lao la siku zote. Akasema kama hakuna dawa ambayo mtu anaweza kuiapia, foleni itatolewa yote kwenye kiini.

Nikawapigia magoti. Sikuona haya. Kwa Kiingereza changu cha sekondari niliwaeleza Sapiwi ilipo, na mvua, na majibu ya damu, na kwamba jina la kaka yangu liko kwenye kitu kimoja tu katika dunia hii na ndicho hicho. Walinijibu vizuri mno. Bora wangenitukana. Wakaniuliza kama mimi mwenyewe naweza kuwa mlinzi wake, na kuapa kwamba nimeliziba.

Kulwa, vidole vilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandika ndiyo. Ndiyo naweza, ndiyo nimeziba, acheni jina lake hapohapo. Nani angejua? Ingekaa pengine mwaka mzima bila kuanguka. Lakini nikafikiria kuna hospitali mahali fulani, kubwa kuliko yetu, imeiwasha foleni yako kwa sababu nao kuna mgonjwa alingoja majibu. Na kuna mtu amekaa mbali anatuma pakiti zake kwa mpangilio. Nikafuta ile ndiyo. Sikusikia amani yoyote ya kutenda haki, usidhani.

Nikawaambia nitaitoa mwenyewe. Wewe tulipokuosha, wajomba ndio waliokuosha, hatukumwachia mtu asiyekujua. Na hii nisingemwachia.

Kiraka cha kutoa kitu, yale mabadiliko ya msimbo tunayowatumia, unakijua kilivyo. Kila mstari ulioandika umekaa palepale, na mbele yake kialama cha kutoa. Kurasa na kurasa za kialama cha kutoa. Na maelezo yako yale ya Kiingereza, unaeleza kwa nini mtu aliyechelewa hastahili kutupwa, nayo yana kialama. Niliisoma yote kwa sauti kabla ya kutuma. Nikafika pale pa radi nikaurudia mstari wake tena na tena. Mayu aliyekuwa anachambua choroko mlangoni akasema, "Ng'wanawane, mwanangu, pumzika." Hakujua nasoma nini. Au alijua, sijui, mama yako huyu hatabiriki.

Nikatuma. Jibu likaja mstari mmoja: imepokelewa, asante.

Na hakuna kilichotikisika, Kulwa! Hicho ndicho kinachonila. Kompyuta za dunia zikaendelea kama hukuwahi kuwemo. Nilikaa naingoja, sijui naingoja nini, labda mtu mmoja mahali alalamike, aseme hiki kitu nilikuwa nakitegemea, kimekwenda wapi. Hakulalamika mtu.

Aliyelalamika alikuwa nesi Holo peke yake. Nilizunguka Mwamanyili, Lamadi, hapa kwetu, nikabadilisha visanduku vyote visiwe na foleni yako. Yule mama wa samaki nilimpitia, tukasalimiana, hakuniuliza kitu, akanipa sangara nimpelekee mayu. Nesi Holo akaniuliza, "Sasa mvua ikinyesha?" Nikamwambia itabidi Bariadi watume tena. Akauliza, na kama hawajui kwamba haikufika? Mvua ya kwanza tu, majibu ya mama mjamzito yakatupwa, kama ya kwako. Nesi aliposhtuka muda ulikuwa umekwenda, wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza mjini, mwanamke tumbo limemfika puani, kwenye tope lile unalolijua. Amejifungua salama. Lakini hiyo saa nzima nilikuwa nimesimama uwanjani nimeshika simu, nasema huyu nimemuua mimi, huyu nimemuua mimi.

Na tangazo limetoka. Ukitafuta jina lako sasa kwenye mtandao, kitu cha kwanza kinachokuja ni lile tundu. Wameeleza hatari yake, wameeleza nani aliligundua, na chini kabisa wameeleza nani aliyeitoa foleni: Doto. Hawajui hata kwamba sisi ni mapacha. Mtu akisoma pale ataona fundi mzembe na dada aliyesafisha nyuma yake. Natamani kumkaba kila anayesoma. Natamani kumwambia huyu aliandika akiwa na dripu mkononi, na wewe ungeandika nini? Lakini nitamwambia nani, na kwa namba gani.

Sijui nifanyeje na haya yote, Kulwa. Nimechoka. Kuna siku naamka nimekwisha kugeuka kitandani nikuambie jambo, na ukuta ndio unanitazama.

Basi sikiliza, nimalizie kabla mayu hajaniita. Historia ya kiini haifutwi, unajua. Mtu akirudi nyuma vya kutosha atakuta siku uliyoingia, na maneno yako, na ugali na bakuli. Hiyo wameshindwa kuitoa, na mimi nimeshindwa. Na nimeanza kuandika foleni nyingine. Safari hii naiweka nje ya kiini, juu, mahali ambapo ikianguka inaanguka peke yake na haimvuti mtu. Itakuwa na kasi ya kobe, nakuambia mapema usinicheke. Nimeandika kipande, nimekifuta, nimeandika tena. Pengine nitashindwa. Mimi si wewe, na nikisoma kwa sauti hakuna wa kunikatiza.

Lakini nakuahidi kwamba sitaiacha, na sitaapia kitu nisichokijua. Na nakuahidi mvua nyingine ikinikuta sijamaliza, nitapanda mwenyewe bodaboda kupeleka majibu ya watu.

Lala kaka yangu. Lala mkaidi wangu, pumzisha hiyo miguu. Juu ya kazi mpya nimeshaandika majina, kitu pekee ambacho nina hakika nacho mpaka sasa. La kwako limetangulia, la kwangu limefuata, kama tulivyozaliwa. Siku yetu ya kuzaliwa ikifika nitakuwa nimekuzidi umri, mimi Doto, na hata hapo la kwako litatangulia.

Pacha wako,
Doto